Ndege Ambayo Sikuitubia

Mafuta ya nyonyo yakiwa motoni yana harufu nzito, tamu kidogo, inayong'ang'ania nguo hata uzifue mara mbili. Nayakamua mwenyewe mpaka leo, hapa Kibondo, kwa namna aliyonifundisha mama: kukaanga mbegu, kuzitwanga, kuzichemsha taratibu, kisha kuengua mafuta yanayoelea. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kazi hiyo, mjukuu wangu Neema akapita na chupa ya mafuta ya taa, akajikwaa, yakamwagika kando ya mafiga. Moshi wa mafuta yote mawili ukapanda kwa pamoja.

"Bibi!" Neema akaziba pua. "Jiko linanuka kama pikipiki mbovu!"

Mimi nikabaki nimesimama na mwiko mkononi. Kwa muda ule sikuwa jikoni. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, kwenye uwanja wa mpira wa kijiji chetu, upande wa Kasulu, nimebeba ndege mikononi.

Niwaambie mapema, ninyi mnaonisoma, ili baadaye msiseme nimewaficha. Mimi ni mtu wa kanisa. Nimefundisha watoto wa Jumapili mpaka nimewafundisha wajukuu wa wale nilioanza nao. Nimetubu mengi, mengine kwa machozi. Lakini ile ndege sijaitubia. Nilikataa nikiwa mtoto, na mkinisimamisha kesho mbele ya madhabahu nitakataa tena, kwa adabu zote.

Ndege ilikuwa ya baba mdogo Ezekieli, mdogo wake baba. Alikuwa fundi wa redio pale Kasulu mjini, mtu mwembamba mwenye vidole vilivyoungua kwa risasi ya kuunganishia nyaya. Daktari mmoja mgeni, alipokuwa akirudi kwao, alimwachia sanduku lenye ndege ya kuchezea iliyovunjika mabawa, injini ndogo inayoenea kiganjani, na kisanduku cha chuma chenye waya mrefu wa kunyooka juu kama fimbo ya mchungaji wa ng'ombe. Kisanduku kile ndicho kilichoiongoza ndege kutoka chini. Kilikuwa na kitufe kimoja tu. Ukikibonyeza mara moja ndege inakata kulia, mara mbili inakata kushoto. Injini yenyewe haikumsikiliza mtu. Ikishawaka, inanguruma mpaka mafuta yaishe, kisha ndege inashuka kimya popote ilipo.

Baba mdogo alihangaika nayo mwaka mzima. Mabawa aliyatengeneza kwa uti wa majani ya mwale, mti wa jamii ya mchikichi, aliouleta kutoka mabondeni, mwepesi mpaka ukiushika hujui kama umeshika kitu. Juu yake akabandika karatasi nyembamba kwa uji wa muhogo. Mafuta ya injini aliyachanganya mwenyewe: etha, ile dawa ya zamani ya kulazia wagonjwa usingizi, ambayo daktari alimwachia chupa yake, mafuta ya taa, na mafuta ya nyonyo ya mama yangu. Ndiyo maana alikuja kuirushia kijijini kwetu. Alisema mafuta ya mama hayana mchanga.

"Shemeji," alimwambia mama siku aliyofika, "mafuta yako yatafika mbinguni kabla yetu sote."

"Yasifike bila kopo langu," mama akamjibu. "Kopo unarudisha."

Huo ulikuwa wakati wa kiangazi, maharage yameshavunwa, na mimi nilikuwa kwenye darasa la kipaimara. Kwetu askofu hakuja kila mwaka. Barabara ilikuwa mbaya na vijiji vingi, na ukikosa mwaka wake unangoja bila kujua unangoja mpaka lini. Nilikitaka kipaimara kile kwa moyo wangu wote. Usiku nilikuwa nikirudia maswali na majibu kitandani mpaka dada yangu ananipiga teke. Isitoshe, baba ndiye alikuwa mwinjilisti wa kanisa letu, aliyefundisha darasa lenyewe. Mtoto wa mwinjilisti akikosa, kijiji kizima kinajua.

Aliyelinda mwenendo wa kanisa hakuwa baba. Alikuwa Mzee Filimoni, mzee wa kanisa, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Alikuja kwetu miaka kadhaa nyuma kutoka ng'ambo ya mpaka, Burundi, yeye na mke wake na mtoto mmoja wa kiume, akiwa na godoro na Biblia iliyolowana maji. Alilima, akajenga, akaaminika. Watoto tulimwogopa. Alijua nani alisinzia kwenye mahubiri, na alijua yote ambayo kwetu msichana hafanyi: hapandi juu ya nyumba, hapigi mluzi, hakami ng'ombe, hakimbii mbele ya wanaume kama ndama.

Basi, Jumamosi moja baba mdogo akaipeleka ndege uwanjani, nyuma ya kanisa. Haikuwa na magurudumu. Ilibidi mtu aikamate chini ya tumbo, akimbie nayo na kuiachia hewani, huku baba mdogo amesimama na kisanduku chake. Wavulana waligombania kazi hiyo. Akachaguliwa Gervasi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na mkono mkali kuliko wote wa kufukuza nyani kwenye mahindi. Jiwe lake lilifika mti wa pili huku letu linaanguka kwenye wa kwanza.

Baba mdogo akazungusha pangaboi kwa kidole. Mara moja, mara ya tano, mara ya kumi. Injini ikakohoa, ikashika, ikapiga yowe jembamba lililotusimamisha nywele, na ile harufu ikatufunika. Gervasi akakimbia, akavuta mkono nyuma, akaitupa ndege juu mawinguni kwa nguvu zake zote.

Pua ikaelekea juu. Ndege ikasimama hewani kama mtu aliyesahau alichofuata, ikalala ubavu, ikaja chini. Bawa likapasuka.

Ikachukua siku tatu kuliunga. Mara ya pili Gervasi akaongeza nguvu, akidhani ndizo zilizopungua, na bawa la pili likavunjika. Baba mdogo aliketi kwenye majani akiokota vipande vya uti. Mimi nilikuwa hapo kwa sababu ya kopo la mama, nikililinda lisipotee.

"Baba mdogo," nikasema, "anairusha kama anafukuza nyani."

Wavulana wakaangua kicheko. "Sikieni rubani!" akasema Gervasi. "We Yustina, nenda ukapete maharage."

"Ndivyo nitakavyofanya," nikamjibu. "Nitairusha kama napeta."

Sikuwa najisifu. Tangu nikiwa na miaka sita nilikuwa nikisimama na mama kwenye mwamba wa kupetea, na jambo la kwanza alilonifundisha halikuwa ungo, lilikuwa upepo. Upepo wa kiangazi kwetu hauji mfululizo. Unakuja kwa vipindi, unasukuma, unanyamaza, unasukuma tena. Ukimwaga maharage wakati umenyamaza, makapi yanabaki. Ukimwaga wakati umekurupuka, maharage yenyewe yanakwenda kwa jirani. Mama alikuwa akiniambia, "Ngoja, mwana wanje. Ngoja, mwanangu, utulie kwenye shavu. Sasa!" Na mkono hausukumi juu. Ungo unakwenda mbele, sawasawa, kama unamkabidhi mtu.

Baba mdogo akanigeukia. Kisha akauliza, "Upepo sasa hivi unatoka wapi?"

"Kwenye migomba ya mwalimu. Lakini utanyamaza karibuni."

Ukanyamaza. Baba mdogo akasimama, akakung'uta suruali. "Jumamosi ijayo," akasema, "anarusha Yustina."

Jumamosi ile nilivaa gauni langu la kila siku, refu, linalofika kwenye vifundo. Nilijaribu kukimbia nalo mara moja nikaanguka. Nikalikusanya, nikalifunga kiunoni, magoti yakawa nje. Wavulana wakapiga makofi ya dhihaka. Gervasi akapiga kelele, "Korongo huyo!" Sikumjali. Ndege ilikuwa inatetemeka mikononi mwangu kama kuku anayetaka kuachiwa, mafuta ya nyonyo yakinirukia usoni matone madogo ya moto. Nikageukia migomba ya mwalimu. Nikangoja. Upepo ukaja, ukakurupuka, nikauacha upite. Baba mdogo akaita, "Rusha!" Sikurusha. Ukaja wa pili, ukatulia kwenye shavu langu. Nikakimbia hatua saba, nikamkabidhi.

Sijui nilimkabidhi nani. Ilikuwa kama kuna mikono ya mtu mbele yangu, ikaipokea.

Ndege ilikwenda sawasawa juu ya majani, chini kabisa, mpaka nikadhani imekataa. Kisha ikaanza kupanda. Ikapita migomba, ikapita mti uliotundikwa kengele ya kanisa, baba mdogo akabonyeza kitufe, na ikageuka. Wallahi iligeuka! Mnisamehe kiapo, nimekua na majirani Waislamu. Wavulana walinyamaza wote. Mimi ndiye niliyepiga mluzi, nao ni wa pili katika makosa yangu ya siku ile.

Ilizunguka mara tatu. Mzunguko wa nne ilishuka sana, ikapita juu ya paa la bati la kanisa, karibu kuligusa, na yowe lake likaligonga bati likarudi maradufu. Nilikuwa naikimbiza ili nione itakapoangukia. Nilipopita mlango wa kanisa, uliokuwa wazi, nikatupa jicho ndani.

Mzee Filimoni alikuwa chini ya benchi la mbele. Amelala kifudifudi sakafuni, mikono yote miwili juu ya kichwa, mwili ukimtetemeka.

Nikasimama. Nilikuwa nimeona watu wakiomba hivyo kwenye mikutano ya uamsho, wakilala chini na kutetemeka, na tulifundishwa kwamba mtu akiwa hivyo usimguse wala usimcheke, yuko mbele za Mungu. Nikauvuta mlango taratibu nikaufunga, ili makelele ya wavulana yasimsumbue. Kisha nikaendelea kukimbia. Ndege tuliikuta kwenye shamba la muhogo, nzima, bado inanuka.

Jumapili, kabla ya mahubiri, Mzee Filimoni akasimama.

"Binti wa mwinjilisti," akasema kwa ile sauti yake ndogo, akimwita Mungu Imana kama kwao Burundi, "amekimbia mbele ya wanaume magoti wazi. Amepiga mluzi. Amerusha juu ya nyumba ya Imana kitu ambacho hakikuombewa. Kabla ya askofu kufika, atubu mbele ya kanisa."

Kanisa letu lilizoea toba. Watu walitubu kuiba kuku, kutukana wakwe, kunywa pombe ya ndizi nyuma ya ghala. Ni jambo la dakika moja: unasimama, unasema, unapiga magoti, wanaimba. Mama alinigusa mgongo kunisukuma. Nikasimama. Nilijua vizuri kabisa nilichokuwa nacho mkononi. Dakika moja, na kipaimara ni changu.

Nikasema, "Natubu kwamba Alhamisi nilimjibu mama vibaya. Natubu kwamba nimemchukia Gervasi tangu mwezi uliopita." Watu wakaanza kuitikia. Nikaendelea. "La ndege silitubu. Sikutenda dhambi. Mungu alinipa miguu na magoti yake, na upepo ni wake."

Hakuna aliyeimba. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Yoo, mtoto huyu!" Mzee Filimoni akamtazama baba. Baba alikuwa mwinjilisti, hakuwa juu ya wazee. Akasema polepole, "Basi jina lake litatoka darasani mpaka atakapotubu."

Jioni nilimngoja anipige. Hakunipiga. Aliniuliza swali moja tu. "Hatua ngapi?"

"Saba, baba."

Akatikisa kichwa, akaenda kulala.

Askofu alikuja mwezi uliofuata, akaweka mikono juu ya vichwa vya wenzangu, Gervasi akiwa wa kwanza. Mimi nilikuwa nje nachota maji ya kunawa wageni. Nililia, siwafichi. Lakini wiki iliyofuata darasa jipya lilipoanza, nilikwenda. Nilikuwa nimekatazwa kuingia. Hakuna aliyenikataza kukaa nje. Nikasukuma jiwe mpaka chini ya dirisha la kanisa, nikakaa.

Nilikaa juu ya jiwe lile miaka mitatu. Mvua ikinyesha nilijifunika gunia. Watoto waliokuwa ndani wakishindwa swali, mimi nililijibu kutoka nje, na baba akasema, "Haya, mmesikia," kana kwamba ukuta ndio uliojibu. Mara kwa mara Mzee Filimoni alipita nyuma yangu akienda kukagua kanisa. Alisimama kidogo. Nilimsalimia, "Shikamoo, mzee," akaitikia, akangoja kama mtu anayetarajia neno la pili. Nilidhani anangoja toba. Nikamnyima.

Kuhusu ndege, mchwa walikula mabawa yake kwenye stoo ya Kasulu mvua zilipoanza, na etha ilikuwa imekwisha. Iliruka siku moja tu. Mimi niliilipia miaka mitatu, na sikuona ni ghali.

Askofu aliporudi, aliketi kanisani kuwapima vijana kabla ya ibada. Akauliza swali gumu kuhusu Roho Mtakatifu. Kimya. Akarudia. Kimya. Nikavumilia nikashindwa, nikajibu kutoka dirishani, jibu lote, na mistari yake.

"Nani huyo?" askofu akauliza. "Mbona yuko nje?"

Baba akageukia dirisha. Mzee Filimoni ndiye aliyesimama. Nilimwona kupitia dirishani, ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. Nikajua sasa atasema magoti, mluzi, paa la kanisa.

"Ni mtoto wetu," akasema. "Aingie."

Hakusema atubu kwanza. Nikaingia kwa mlango, nikiwa na tope la jiwe kwenye gauni, na jioni ile mikono ya askofu ilikuwa juu ya kichwa changu. Kwa nini Mzee Filimoni aliniachia, sikujua. Kwa kiburi cha umri ule nilidhani nimemshinda.

Nilikuwa mama wa watoto wanne nilipojua. Alikuwa mzee sana, hatoki kitandani, nyumbani kwa mwanawe, na nilikuwa nikimpelekea mafuta ya nyonyo na kumchua magoti yaliyokufa ganzi. Siku moja, mafuta yakiwa bado na moto, alivuta pumzi akageuza uso ukutani.

"Yustina," akasema. "Siku ile uliniona."

"Nilikuona, mzee. Ulikuwa unaomba."

Akanigeuzia uso. Kisha akaanza kucheka, kicheko kikavu, mpaka nikamkalisha apate hewa.

"Kuomba? Mwana wanje, nilikuwa nimesahau hata jina la Imana." Na akaniambia, kwa maneno machache. Walipokuwa wakikimbia kuja kwetu, kabla ya kuvuka mto, ndege ya kivita ilipita juu yao. Walilala kwenye mafunjo, yeye amewafunika watoto wawili. Ndege ilipokwenda, aliinuka na mmoja. "Mlio ule. Juu ya bati. Nilikuwa mle tena. Nikainua macho, nikakuona mlangoni, ukafunga mlango. Nikasema, kesho kijiji kizima kitajua kwamba mzee wa kanisa amejificha chini ya benchi kwa sababu ya kitu cha mtoto. Nikakuwahi."

"Kwa magoti."

"Kwa magoti. Nilikuwa na nini kingine?" Akafuta macho. "Kisha miaka mitatu nikakusikiliza pale dirishani, nikingoja siku utakayosema. Hukusema. Nikajua mtoto huyu ana huruma kuliko mimi. Ndiyo maana nikasema uingie."

Ningeweza kuliacha jambo hilo libaki hivyo. Lakini nilimwambia ukweli, kwamba sikuwa na huruma yoyote, nilidhani anaomba tu, na miaka ile yote pale jiweni nilikuwa nimekasirika. Akafikiri sana.

"Basi Mungu ametutumia sote wawili bila kutuuliza," akasema.

Nimelirudia neno lile mara nyingi. Siku ile uwanjani nilijua upepo unatoka wapi, nikadhani najua yote yaliyo hewani. Sikujua kwamba mlio mmoja unaweza kuwa furaha kwa mtu aliye nje ya ukuta, na kuwa kaburi kwa aliye ndani. Na yeye hofu yake hakuweza kuitamka kanisani, akaazima magoti yangu yamsemee. Angesimama Jumapili ile akasema, "Mtoto, ndege yako imenirudisha mtoni," ningepiga magoti papo hapo, bila kusukumwa na mama. Lakini aliniomba nitubu kukimbia. Nilikimbia vizuri. Na asubuhi nyingi, ninapomshukuru Mungu kwa chakula na afya, namshukuru pia kwa hatua zile saba, na kwa baba, ambaye nilikuja kukumbuka nikiwa mtu mzima kwamba katika miaka ile mitatu, hata Juni kwenye baridi, watoto wakilalamika, hakuwahi kulifunga lile dirisha.

"Pole kwa mlio, mzee," nilimwambia siku ile, pale kitandani kwake. "Pole sana. Ningejua, tungeirushia mbali."

"Nimepoa." Akafumba macho. Nilidhani amesinzia. Kisha akafumbua jicho moja. "Na kwa magoti?"

"Kwa magoti, hapana."

Akacheka tena, polepole. Nikamimina mafuta kiganjani, nikayapasha kwa kuyasugua, nikaendelea kumchua magoti yake.